Gawanya kwa 580

Baba mdogo ni mwalimu wa shule ya msingi na amebakiza mwaka mmoja astaafu. Ana daftari la mistari ambalo juu ya jalada limeandikwa "Maandalio", ila ndani hamna andalio la somo hata moja. Ni hesabu tupu. Ukurasa wa kwanza aliuandika mwaka 2017. Wa pili, Julai 2022. Wa tatu aliuandika Juni 2024, jioni ileile hotuba ya bajeti iliposomwa bungeni Dodoma. Kurasa zote tatu zinajibu swali moja: akishastaafu, atapewa shilingi ngapi mkononi, na ngapi kila mwezi mpaka anaingia kaburini. Majibu yake hayafanani hata kidogo. Katikati ya ukurasa na ukurasa yeye hakushushwa cheo, hakuacha kazi, wala hakukosa kukatwa mchango hata mwezi mmoja.

Nilipokwenda kumwamkia juzi alinikalisha sebuleni, akanifungulia daftari. "Mwanangu, asilimia nimeielewa," alisema. "Hii 580 ndiyo inayonishinda. Imetoka wapi?"

Nimeandika makala hii kwa sababu ya swali lake. Tangu mwaka 2018 nchi nzima imebishana kuhusu kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao ya mstaafu, na karibu mabishano yote yamekuwa ya asilimia: 25, 50, 33, 40. Asilimia ndiyo inayosikika vizuri kwenye hotuba ya Mei Mosi. Lakini ukikaa na kalamu utaona kwamba fedha nyingi zilipotelea mahali pengine, kwenye namba mbili ambazo hazijabebwa kwenye bango lolote nililowahi kuliona.

Pensheni ya mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii inapigwa hivi. Unachukua mshahara wa mwaka, ambao kwa kanuni za sasa ni wastani wa miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Unazidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia. Unagawanya kwa namba maalumu. Jibu ndiyo pensheni yako kamili ya mwaka. Baada ya hapo inakatwa vipande viwili. Kipande cha kwanza kinazidishwa kwa idadi fulani ya miaka na unalipwa chote kwa mkupuo. Kipande cha pili kinagawanywa kwa 12, na hicho ndicho utakachokuwa unaletewa kila mwezi.

Kwa hiyo namba za kuangalia ni tatu: unagawanya kwa ngapi, unazidisha kwa miaka mingapi, na mkupuo ni asilimia ngapi. Katika PSPF, mfuko wa zamani wa baba mdogo, ilikuwa 540, miaka 15.5 na asilimia 50. Katika NSSF na PPF, mifuko ya watu wa kampuni na mashirika, ilikuwa 580, miaka 12.5 na asilimia 25. Kanuni zilizoanza kutumika Julai 1, 2022 ziliwaweka wote kwenye 580 na 12.5, mkupuo ukawa asilimia 33. Juni 2024 Waziri wa Fedha akatangaza kwamba waliokuwa wakipata asilimia 50 watapata 40, na waliokuwa wakipata 25 watapata 35.

Sasa tufungue daftari. Mshahara halisi wa baba mdogo sitautaja. Tuweke shilingi 1,000,000 kwa mwezi na miaka 30 ya kazi, yaani miezi 360, na tuuache mshahara huo vilevile katika kurasa zote ili tofauti itokane na kanuni peke yake.

Ukurasa wa kwanza: milioni 12 za mwaka mara 360, gawanya kwa 540, unapata milioni 8. Nusu yake mara 15.5 ni mkupuo wa shilingi milioni 62. Nusu iliyobaki ni shilingi 333,333 kwa mwezi.

Ukurasa wa pili: milioni 12 mara 360, gawanya kwa 580, ni shilingi 7,448,276. Asilimia 33 yake mara 12.5 ni mkupuo wa shilingi milioni 30.7. Kila mwezi, shilingi 415,862.

Ukurasa wa tatu, wa asilimia 40: mkupuo shilingi milioni 37.2, na kila mwezi shilingi 372,414.

Tazama ukurasa wa kwanza na wa tatu. Asilimia imeshuka kutoka 50 hadi 40, pungufu ya moja ya tano. Mkupuo, hata hivyo, umeshuka kutoka milioni 62 hadi milioni 37, pungufu ya asilimia 40. Iliyobaki imeliwa na 580 na 12.5. Tunaambiwa mstaafu anafidiwa kwa pensheni nono zaidi ya kila mwezi, na ni kweli imeongezeka, kwa shilingi 39,081. Lakini ili hizo 39,081 zirudishe milioni 24.8 zilizokosekana kwenye mkupuo, zinahitajika takriban miaka 53. Baba mdogo atastaafu akiwa na miaka 60.

Ukilinganisha ukurasa wa pili na wa tatu, kuna funzo lingine. Wengi waliipokea asilimia 40 kama nyongeza, na bungeni makofi yalipigwa. Ukiipiga hesabu, mkupuo unaongezeka kwa shilingi milioni 6.5 na pensheni ya mwezi inapungua kwa shilingi 43,448. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata miezi 150, yaani miaka 12.5 kamili, namba ileile ya kwenye kanuni. Maana yake fedha ni zilezile za mstaafu, amepewa mapema tu. Akifariki kabla ya kufika miaka 72 na nusu, amefaidika kuzipata mapema. Akiishi zaidi ya hapo, amepata hasara, na kila mwezi anaoendelea kuishi mfuko unabakiwa na shilingi 43,448 zake. Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya. Watu waliuomba na wana sababu zao, ambazo nitazieleza. Ninachokataa ni kuuita nyongeza.

Niwe mkweli kuhusu upande wa pili pia, kwa sababu mifuko haikubadili kanuni kwa chuki. PSPF ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999. Kabla yake mtumishi wa serikali alilipwa pensheni na Hazina bila kuchangia chochote. Mfuko ulipoanza ulirithi miaka yote ambayo watumishi walikwishaifanya kazi na ambayo hakuna senti iliyowekwa kwa ajili yake. Mtu aliyeajiriwa 1975 na kustaafu 2010 alidai miaka 35, ilhali mfuko ulikuwa umechangiwa miaka 11 tu. Serikali iliahidi kuibeba tofauti hiyo, ikachelewa, mwaka baada ya mwaka. Juu ya hapo mifuko ilitoa fedha kwa miradi mikubwa ya serikali, Chuo Kikuu cha Dodoma kikiwa ndicho kinachotajwa zaidi, na marejesho yake yakawa yanaulizwa katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Kufikia katikati ya muongo uliopita wastaafu wa PSPF walikuwa wakisubiri mafao kwa miezi, barua mkononi.

Sheria ya mwaka 2018 iliiunganisha mifuko ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF ikawa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Kanuni za kwanza chini ya sheria hiyo ziliwaweka wote kwenye asilimia 25. Vyama vya wafanyakazi viligoma kuzikubali, na Desemba 28, 2018 Rais Magufuli aliwaita viongozi wao Ikulu, akaagiza kanuni za zamani ziendelee katika kipindi cha mpito hadi 2023. Mwaka 2021 serikali ilitoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza lile deni la kabla ya 1999. Ilikuwa hatua kubwa, lakini ona mpangilio wake: deni la mwajiri lililipwa kwa karatasi ya miaka mingi mbele, halafu mwaka uliofuata, kabla kipindi cha mpito hakijaisha, upungufu wa mfuko ukajazwa kwa kukata mafao ya mwajiriwa, papo hapo.

Hapo ndipo penye shida yangu. Kwamba kanuni ya zamani ilikuwa nzito kwa mfuko, nakubali. Kwamba watu sasa wanaishi zaidi ya walivyoishi baba zao, nakubali, na ni jambo la kushukuru. Lakini tuchukue walimu wawili waliomaliza chuo pamoja, wakaajiriwa pamoja, wakapanda madaraja pamoja. Mmoja alitimiza miaka 60 Juni 28, 2022. Mwenzake, Julai 3. Kwa mshahara wetu wa mfano wa kwanza aliondoka na milioni 62 na wa pili na milioni 30.7. Siku tano za kuzaliwa zimegharimu milioni 31. Hakuna mtaalamu wa takwimu za bima atakayekuambia kwamba siku hizo tano zinamfanya wa pili aishi miaka mingi zaidi.

Kulikuwa na njia nyingine, na haikuhitaji ubunifu. Miaka iliyofanyiwa kazi kabla ya Julai 2022 ingehesabiwa kwa kanuni ya zamani, na inayofuata kwa kanuni mpya. Baba mdogo angekuwa na miezi 312 ya zamani na 48 mipya. Kwa mfano wetu mkupuo wake ungekuwa takriban milioni 58.7, na mwezi shilingi 338,500 na ushei. Kijana aliyeajiriwa 2023 angeijua kanuni yake tangu siku ya kwanza na angekuwa na miaka 35 ya kujipanga. Ni gharama kubwa, sibishi. Lakini ni gharama ya ahadi iliyokwisha kufanyiwa kazi, na aliyetoa ahadi ni mwajiri. Mtu akifanya kibarua kwa makubaliano ya shilingi elfu kumi, humwambii jioni, jembe likiwa limeshaoshwa, kwamba bei imebadilika tangu asubuhi.

Wako wanaouliza kwa nini wastaafu wanaung'ang'ania mkupuo wakati pensheni ya mwezi ndiyo inayomlinda mzee. Semina nyingi za maandalizi ya kustaafu zinawaonya kwamba fedha zote zitaishia kwenye baa, daladala mbovu na ndoa ya pili. Wapo walioangukia huko. Lakini onyo hilo linamdhania mfanyakazi kuwa mtoto. Nyumba ya baba mdogo imefika kwenye lenta tangu 2014. Matofali yamefyatuliwa, nondo zilinunuliwa mbili mbili, na nyasi zimeota ndani ya kitakachokuwa chumba cha wageni. Kwa mshahara wake, baada ya makato ya mkopo, hakuna mwezi utakaoezeka paa lile. Benki itamkopesha, na amekopa mara mbili, zote zikaishia kwenye ada. Mkupuo ndiyo mara moja pekee katika maisha yake ambayo fedha ya kutosha nyumba itakuwa mkononi mwake kwa wakati mmoja. Kwa mtu anayeishi nyumba ya shule, ambayo lazima aikabidhi akistaafu, paa linatangulia pensheni. Shilingi 372,414 kwa mwezi, halafu utoe kodi ya vyumba viwili, ni pensheni ya nani?

Na pensheni yenyewe ya mwezi haina kinga ya uhakika dhidi ya bei kupanda. Hupandishwa pale inapoamuliwa, na kati ya nyongeza na nyongeza inaweza kupita miaka mingi. Anayeitaka fedha yake leo anajua kwamba bei ya bati ya leo haitamngoja.

Wafanyakazi wa kampuni walitazama ugomvi huu kama wapita njia. Wao 580 na 12.5 walikuwa nazo tangu zamani, na kwao kanuni mpya zilipandisha mkupuo, kwanza hadi 33, kisha 35. Kilio chao ni kingine: fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako kazi ikiisha. Mtu wa mgodini, wa hotelini au wa kampuni ya ujenzi anaajiriwa kwa mkataba wa miaka miwili, unaisha, anakaa mwaka mzima bila kazi, anapata mwingine. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na pensheni inadai michango ya miezi 180. Ukimwambia kijana wa miaka 31 aliyepunguzwa kazini kwamba fedha zake atazikuta akiwa na 55, anakuona unamdhihaki. Fao hilo lilipoondolewa mwaka 2012 wachimbaji wa Kanda ya Ziwa walichachamaa mpaka serikali ikarudi nyuma. Sheria ya 2018 iliondoa tena utaratibu ule na kuweka fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Kwa mtaalamu wa hifadhi ya jamii hilo ni sahihi, kwa sababu akiba ya uzee haipaswi kuliwa ujanani. Kwa mtu ambaye kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa kazi, na hakivuki miaka kumi, yaani siku sabini hata kama amefanya kazi miaka ishirini, ujana wenyewe ndio wenye njaa.

Kenya wamechukua njia tofauti. Watumishi wao wa umma walilipwa pensheni na Hazina bila kuchangia mpaka Januari 1, 2021, mpango mpya ulipoanza: mfanyakazi alianza na asilimia 2, sasa asilimia 7.5, na serikali asilimia 15. Kila mmoja ana akaunti yake. Hakuna 580 wala 12.5 ya kubadilishiwa. Utapata kilichowekwa na faida yake. Wengine huusifu mpango wa namna hiyo kwa uwazi wake, na uwazi ni jambo jema. Lakini mzigo wa kuishi muda mrefu na mzigo wa uwekezaji kwenda vibaya imehamia kwenye mabega ya mfanyakazi. Soko likianguka mwaka anaostaafu, halimngoji. Mimi bado nachagua ahadi, mradi iwe ahadi isiyoguswa kwa miaka iliyokwisha kufanyiwa kazi.

Wakenya wamefanya jambo jingine ambalo sisi hatujalifikia. Wanaruhusu mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu ndani ya mipango ya pensheni, na tangu Desemba 2024 mchango wa hadi shilingi 15,000 za Kenya kwa mwezi kwenye mfuko huo hautozwi kodi. Mwenye kipato kidogo hautamfaa sana, ila angalau sheria imekiri kwamba uzee una bili mbili, ya chakula na ya hospitali.

Kwetu hiyo bili ya pili inategemea ulikaa upande gani wa geti. Mtumishi wa umma amekatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya mfuko wa bima ya afya, NHIF, mwajiri ameweka 3, na akistaafu yeye na mwenza wake wanaendelea kutibiwa kwa kadi bila kuchangia tena. Ni fao kubwa kuliko watu wanavyolihesabu. Nina hakika kuna wastaafu ambao kadi ile imewalipia zaidi ya mkupuo wao. Nayo imeyumba. Machi 1, 2024, kitita kipya cha mafao kilipoanza, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha huduma kwa wenye kadi za NHIF kwa kugombania bei, na wazee wenye kliniki za shinikizo la damu na kisukari walirudishwa mapokezi wakiwa na miadi mkononi.

Mfanyakazi wa kampuni mara nyingi hana hata hicho cha kuyumba. Jirani yetu alifanya kazi kiwandani miaka 26. Siku yake ya mwisho alikabidhi buti, kofia ngumu, kitambulisho cha getini na kadi nne za bima, yake, ya mkewe na za watoto wawili, zote zikatiwa kwenye bahasha moja ya kaki. Mkewe ana kisukari cha kuchoma sindano. Walitafuta bima ya kujilipia wenyewe, wakaulizwa umri, kisha wakaulizwa magonjwa, na bei waliyotajiwa ilikuwa inazidi nusu ya pensheni yake. Mwenye miaka 60 na zaidi anaweza kwenda dirisha la wazee katika hospitali ya serikali, na anapohudumiwa vizuri nashukuru, lakini dirisha linampa ushauri wa daktari kwa urahisi kuliko linavyompa dawa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Inatakiwa kumfikia mtu huyu kabla ya mwingine yeyote, kwa sababu ndiye aliyechangia maisha yake yote kisha akanyang'anywa kadi umri ulipoanza kumdai.

Nilimwambia baba mdogo kwamba 580 ni namba ya kuamua kila mwezi wa kazi una thamani gani, na kwamba mwezi wake, ule alioufundisha mwaka 1998 kwenye darasa lisilo na madawati, umepunguziwa thamani mwaka 2022. Alitikisa kichwa, akainua kalamu kama anayetaka kusahihisha, kisha akafungua ukurasa wa nne. Sikuwa nimeuona. Juu ameandika "Bima", na chini yake majina matatu: lake, la mama mdogo, na la kitinda mimba wao mwenye miaka 14 na selimundu. Majina mawili ya kwanza yana alama ya vema kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia. Mbele ya jina la tatu amechora mstari mrefu, kama nafasi wanayoachiwa wanafunzi wajaze jibu.